Tukishafuta chapisho, aliyeliandika anakwenda wapi?

Kwenye mjadala wa vijana, mitandao ya kijamii na kujiua, kuna upande ambao ukifungua mdomo tu unazomewa. Ni ule unaosema kwamba kufuta kila chapisho linalotaja kujiua, na kumnyima akaunti kila aliye chini ya miaka 16, kunaweza kuwaweka pabaya zaidi vijana wale wale tunaotaka kuwaokoa. Wenye kusema hivyo huambiwa wametumwa na kampuni za teknolojia, au kwamba hawana watoto ndiyo maana. Naona hawajasikilizwa. Ila siwezi kuanza na hoja yao kabla ya kuwapa haki yao wazazi waliofiwa na watoto, wanaodai sheria kali, kwa sababu madai ya waliofiwa si hasira tupu. Yana ushahidi.

Molly Russell alifariki London mnamo Novemba 2017 akiwa na miaka 14. Septemba 2022, mchunguzi wa vifo Andrew Walker alihitimisha kwamba alikufa kwa kitendo cha kujidhuru huku akiugua sonona na akiwa ameathiriwa na maudhui ya mtandaoni. Katika miezi sita ya mwisho ya maisha yake, machapisho ya Instagram aliyoyahifadhi, kuyalaiki au kuyashea yalikuwa 16,300. Kati ya hayo, 2,100 yalihusu sonona, kujidhuru au kujiua.

Wengi huinukuu hiyo 2,100 wakaishia hapo. Mimi hunisumbua zaidi zile 14,200 zilizobaki. Ukigawa kwa siku, machapisho ya giza yanafika kama 12, na mengine yasiyohusu mambo hayo karibu 80. Maana yake, mzazi ambaye angechungulia simu ile kwa sekunde chache angekuta mambo mengine mara saba katika kila nane, akarudi zake kulala akiwa ametulia. Tena hesabu hiyo ni ya yale aliyoyagusa. Yale aliyoyatazama akayapita kwa kidole hayamo. Kwa hiyo ushauri tuliozoea kuutoa, kwamba wazazi wakague simu za watoto wao, haufiki mbali. Hesabu hiyo ilikuwa inaonekana na kampuni peke yake.

Na kampuni zilifanya nini na kile zilichokiona? Pinterest, mtandao wa kukusanya picha, ilikuwa ikimtumia barua pepe za mapendekezo, mojawapo ikimwambia kwamba kuna pini (yaani machapisho ya picha) 10 za sonona ambazo huenda angezipenda. Hakuna mtu aliyekaa ofisini akaitunga barua ile. Ni mfumo ulioona anatazama nini ukamwongezea, kama ambavyo ungemwongezea viatu. Ukitaka kujua kwa nini wazazi wanadai sheria kali, sababu ni barua kama hiyo.

Sheria zimekuja. Uingereza ilipitisha Sheria ya Usalama Mtandaoni mwaka 2023, na tangu Julai 2025 majukwaa yanalazimika kuwakinga watoto na maudhui yanayochochea kujiua na kujidhuru. Mdhibiti, Ofcom, anaweza kutoza faini hadi asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani kote. Sina ugomvi na hilo. Australia imekwenda njia nyingine: tangu tarehe 10 Desemba 2025, majukwaa makubwa hayaruhusiwi kuwa na akaunti za walio chini ya miaka 16, na faini inafika dola za Australia milioni 49.5. Kwa hili nasita.

Kwanza, tuangalie linavyofanya kazi. Marufuku ya Australia inahusu akaunti. Kilicho wazi kwa umma mtoto bado anaweza kukitazama bila kuingia kwa jina lake. Kwa hiyo anapoteza ulinzi unaokuja na akaunti ya mtoto, kama vile vichujio na mipaka ya nani anaweza kumwandikia, na anapoteza pia uwezo wa kuandika. Anabaki kuwa mtazamaji. Kama kuna kijana ambaye singependa atazame tu bila kusema neno, ni huyu tunayemzungumzia.

Pili, umri na saa za kukaa kwenye simu havitupi picha tunayoitafuta. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford walichambua takwimu za vijana zaidi ya 355,000, wakakuta kwamba matumizi ya teknolojia ya kidijitali hayaelezi zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Wanaotetea kampuni huikumbatia takwimu hii kana kwamba ni hati ya kuachiwa huru. Sivyo. Wastani wa vijana laki tatu na nusu unaweza kummeza mmoja anayezama bila hata kutikisika. Inachosema takwimu ile ni kwamba kukaa mtandaoni, kwa jumla, si kipimo kizuri cha nani yuko hatarini. Kinachopaswa kutushughulisha ni hali aliyoingia nayo kijana na kile alichorundikiwa akiwa mle ndani.

Basi tumwangalie huyo anayeingia na hali hiyo. Nani hasa anaandika neno "kujiua" kwenye kisanduku cha kutafutia saa nane za usiku? Mara nyingi ni kijana aliyekwisha kuwapima watu wa karibu, akaona hakuna wa kuambiwa. Akimwambia mama, kilio kitaanza na ukoo wote utajua kabla ya jioni. Akimwambia baba, ataulizwa amekosa nini. Na palipo na sheria inayofanya jaribio la kujiua kuwa jinai, kusema ni kujishtaki. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 720,000 hujiua kila mwaka, na karibu robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako washauri nasaha na madaktari wa akili ni wa kutafuta kwa tochi. Kijana wa huko ukimwambia aache simu akaonane na mtaalamu, unamwelekeza kwa mtu asiyekuwepo.

Sasa fikiria anaandika: "Nimechoka, sitaki kuamka tena." Chujio linalidaka chapisho. Dakika chache baadaye anaarifiwa kwamba amekiuka kanuni za jumuiya. Akirudia, akaunti inasimamishwa. Yaani mara ya kwanza anathubutu kulisema, jibu analopata ni onyo la nidhamu. Anajifunza haraka: anabadili herufi kwa tarakimu, anatumia mafumbo ambayo wenzake wanayaelewa na chujio haliyajui. Mazungumzo yanaendelea vilevile, isipokuwa watu wazima hawayaoni tena.

Upande wa pili una jibu, nalo lina uzito: mazungumzo haya huambukiza. Tangu mwaka 1974, mtafiti David Phillips alipoonyesha kwamba habari za kujiua zikiwekwa kurasa za mbele vifo huongezeka, hakuna mtafiti makini anayepuuza hatari hiyo. Lakini ushahidi haukuishia 1974. Mwaka 2010 Thomas Niederkrotenthaler na wenzake walipochambua magazeti ya Austria, walikuta kwamba habari za watu waliofikiria kujiua lakini hawakujidhuru ziliendana na kupungua kwa vifo. Na katika utafiti uliochapishwa 2005, wanafunzi 2,342 wa sekondari katika jimbo la New York walishirikishwa kupima kama kumuuliza kijana waziwazi kuhusu kujiua kunampandikizia wazo. Hakukumpandikizia, waliokuwa hatarini zaidi hata walionekana kupata nafuu kidogo baada ya kuulizwa. Chujio linalofuata neno haliwezi kutofautisha anayesimulia alivyovuka na anayemsukuma mwenzake. Vyote linavifagia.

Yapo ya kufuta bila mjadala: maelekezo ya namna ya kujidhuru, changamoto za kishenzi, mtu anayemhimiza mwingine ajiue. Hapo sitetei chochote. Zaidi ya hapo, ningeikaba mashine inayopendekeza kabla ya kumgusa anayeandika. Chapisho la huzuni la kijana libaki kwa wafuasi wake, lakini lisichukuliwe na mfumo likasambazwa kwa watoto wengine elfu moja wenye huzuni, wala asirundikiwe yeye mwenyewe mengine 12 kesho yake. Na lipitiwe na mtu anayeijua lugha. Kijana wa Kiswahili akiandika "nataka kupumzika moja kwa moja," mashine inaweza kudhani anazungumzia likizo.

Huyo Molly mwenyewe, ilikuja kujulikana, alikuwa na akaunti ya Twitter aliyoitumia kuwaandikia watu mashuhuri akiomba msaada. Watu wenye mamilioni ya wafuasi, ambao hawawezi kuona kila ujumbe. Sikusudii kuwalaumu. Nasema tu kwamba katika kisa kinachotumiwa zaidi kudai kufutwa na kufungwa, mtoto alikuwa pia akisema.

(Kama wewe unayesoma ndiye mwenye mawazo hayo, mwambie mtu mmoja leo, hata kwa ujumbe mfupi. Asipokuelewa, mwambie mwingine. Kama hatari ni ya sasa hivi, usibaki peke yako: nenda hospitali iliyo karibu au piga namba ya dharura ya nchi uliyopo.)

Kampuni hizi hutoa ripoti, na fahari yao ni idadi ya machapisho yaliyoondolewa. Ofcom na wenzao wa Australia wangeweza kuidai hesabu nyingine sambamba na hiyo: kati ya watoto walioandika kwamba hawataki kuishi, wangapi walijibiwa na binadamu, na baada ya saa ngapi.