A 5, B 2

Wenzangu kazini wanavaa ovaroli na barakoa zenye mpira wa hewa, wanapuliza povu kwenye kuta za vyumba vya baridi. Mimi nina kaunta buku la kwaya tatu. Naandika tarehe, saiti, namba ya bechi, lita za A, lita za B. Ni kemikali mbili zinazochanganyika kuwa povu: A ni aisosayaneti, pipa jekundu. B ni resini, pipa la buluu. Mashine inavuta lita kwa lita, kwa hiyo safu hizo mbili lazima zifanane kama mapacha. Zisipofanana, ama mashine inaumwa ama stoo ina mwizi.

Kurasa za nyuma za daftari hilohilo niliweka deni langu kwa mama ntilie wa mtaa wa Unga Limited. Kwa mkato: A andazi, B bagia.

Julai moja, baridi ya Arusha imeshika hadi resini imekuwa nzito kama uji wa jana, tulikuwa shamba la maua Usa River. Daftari nililisahau ofisini. Bosi akalifungua kwa nyuma (mtu gani anafungua daftari kwa nyuma?), kisha akapiga simu.

"Kijana, jana A 5, B 2?"

Nikajua anataka kunilipia chai. "Ndiyo bosi. B ziliisha mapema."

"Ziliisha! Mkafanyaje?"

"Tukamalizia na A."

"Na juzi B 6, A hakuna?"

"Juzi A zilikuwa za siku mbili, bosi. Ngumu."

Kimya kidogo. "Na mlinzi anajua?"

"Anajua sana. Naye anakula, ila yeye B tu."

Simu ikakatwa. Nikasema labda salio.

Pikapu iliingia shambani kwa vumbi. Bosi hakusalimia mtu. Alichomoa kisu, akakata ukuta tuliopuliza jana. Povu likizidi A humeguka kama biskuti. Likizidi B hubaki laini, linanata na kunuka. Akaminya, akanusa, akakata pengine. Povu zima kabisa. Mara ya tatu fundi wetu akashika kichwa, maana kuziba yale mashimo ni kazi yake.

Ndipo bosi akanifunulia daftari. "Hii nini?"

Ukurasa ulikuwa na duara la kikombe na doa la mafuta.

"Bosi, hizo bagia."

Hakuamini. Jioni alinipeleka mwenyewe kwa mama ntilie, akajumlisha B zangu za mwezi mbele yake: 41. Mama akageukia ukuta wa banda, akapitisha kidole kwenye vistari vyake vya mkaa, polepole, midomo ikicheza.

"Kwangu ni 48, baba."

Bosi akanitazama, akafungua daftari upande wa mbele, akavaa miwani.