Vyuma Vikikaza, Deki ya Zamani Ndio Bosi

Jamani nyie wenye makampuni ya kutengeneza deki na diski za sinema, naomba niwaulize kitu kimoja tu mnijibu kiungwana, hivi kalenda yenu mnaichapisha wapi? Maana kila uchumi ukianza kuyumba, watu wanapunguzwa kazini, benki zimenuna, hata ndugu ukimpigia simu anapokea huku anakohoa ili usimkope, ndio na nyie mnaibuka na kidude kipya kinameremeta, mnatuambia kile mlichotuuzia juzi ni takataka.

Na sisingizii. Mwaka 1981 kule Marekani kampuni ya RCA walileta diski ya video inayosomwa kwa sindano, sindano kabisa, kama santuri za muziki za wazee, na mwaka huohuo mdororo wa uchumi ukaingia. 1984 wakafunga hesabu, hasara zaidi ya dola milioni 500. Sawa, sio uchumi peke yake uliowamaliza, ile diski ilikuwa hairekodi na deki ya mkanda inarekodi, na mtu mwenye hela ya kununua kitu kimoja tu atachukua kinachofanya kazi mbili. DVD nayo ikaanzia Japani mwisho wa 1996, kabla hatujajua hata kuitamka, katikati ya 1997 sarafu ya Thailand ikaporomoka na nusu ya Asia ikaenda nayo. Halafu 2006 wakaja mapacha wanaogombana, HD DVD na Blu-ray, diski mbili za picha kali, hii haisomeki kwenye deki ya ile, na 2008 uchumi wa dunia nzima ukaanguka, mnayajua wenyewe.

Sasa kuna watu wanaongea kitaalamu sana eti kwenye mdororo mlaji anaahirisha manunuzi ya vifaa vya kudumu. Mimi ndio huyo mlaji! Naomba nieleze kuahirisha kunafanyikaje maana wataalamu hawakai kwangu. Kwangu hali ikikaza kuna kikao, mwenyekiti mama watoto, katibu mama watoto, mimi mjumbe nisiye na kura. Nafikisha hoja yangu kwa adabu, nasema mama nanihii, kuna deki mpya zimetoka, picha inaonekana kama dirisha limefunguliwa. Ananiuliza swali moja tu.

"Iliyopo imekufa?"

"Haijafa."

"Inaonyesha?"

"Inaonyesha."

"Haya, tuendelee na ajenda ya ada."

Kwisha. Nawaambia hilo swali, iliyopo imekufa, ndilo lililozika fomati nyingi, yaani aina za diski na mikanda, kuliko vita yoyote ya makampuni. Wakati wa neema mtu ananunua kwa sababu kipya ni kizuri, vyuma vikikaza ananunua kwa sababu cha zamani kimekufa, na shida ni kwamba deki za DVD ziligoma kufa! Deki yangu imeangushwa, imemwagiwa maji, mtoto aliwahi kuiwekea mkate, bado ukiibonyeza inatoa ulimi wake nje na kungoja diski. Unamuuziaje kitu kipya mtu mwenye mashine ya namna hii?

Tuwe wakweli pia, kutoka mkanda wa VHS kwenda DVD kulikuwa na sababu hata mtu mwenye madeni aliielewa. Mkanda ulikuwa unarudishwa nyuma, deki ikiwa na hasira inautafuna, unakaa na kalamu ya risasi unaukunja taratibu huku familia nzima imekusimamia kichwani, picha inatetemeka, mwaka ukipita rangi zinafifia. DVD ikaja hakuna kurudisha nyuma, unaruka mpaka sehemu unayoitaka, haichakai kwa kuangaliwa, na ni nyembamba unaficha kumi kwenye mfuko wa koti. Kipofu angeelewa faida. Lakini kutoka DVD kwenda Blu-ray faida ni nini? Ni ileile, ila kali zaidi. Basi. Ndio nitoe hela ya ada kwa ajili ya ukali?

Shemeji yangu, huyu mdogo wake mama watoto, ndiye nabii wa haya mambo. Yeye haahirishi. Alikuja siku moja akanikalisha chini kama kasisi, akaniambia shem, DVD ina gigabaiti 4.7, Blu-ray ina 25 kwa tabaka moja tu, tabaka mbili 50, mistari ya picha 1080, umeelewa? Nikamwambia nimeelewa, ila runinga yangu ile pale ina mgongo mkubwa kama jiko la mkaa, hiyo mistari 1080 itakaa wapi? Akacheka kwa huruma. Akasema hapana shem, unaanza kwanza na runinga mpya bapa, halafu deki, halafu waya wa HDMI, ile ya zamani haifai, halafu spika, maana picha kali na sauti ya redio mbao ni aibu, halafu ndio unaanza kununua sinema zako upya.

Rudia hapo mwisho. Upya?

Yaani zile nilizonunua kwenye mkanda, nikazinunua tena kwenye DVD, sasa niwape hela mara ya tatu nimwangalie jamaa yuleyule akipigwa risasi ileile ila safari hii naona vinyweleo vya pua? Hapo ndipo makampuni hayasemi ukweli kwenye matangazo, wanakuonyesha bei ya deki tu kana kwamba ndio gharama, kumbe deki ni nauli ya kufikia getini. Na ile ya kwanza ya Samsung ilipotoka Marekani 2006 ilikuwa kama dola 1,000! Toshiba na HD DVD yao wakaanza na 499, wakaonekana wa bei rahisi. Watu wa mshahara tukabaki tunaangaliana.

Nitawapa sifa Sony kwa ujanja mmoja. Waliiingiza Blu-ray ndani ya PlayStation 3, mashine yao ya michezo ya video, Novemba 2006. Sasa hiyo ni akili, maana baba hawezi kusimama kwenye kikao akaomba deki, lakini anaweza kusema ni zawadi ya watoto. Nyumba nyingi sana Blu-ray iliingia kwa mlango huo, kichwa kimeinamishwa. Kwangu haikuingia, mama watoto akasema watoto wana mpira.

Basi shemeji akanunua yake. Baada ya kunihubiria Blu-ray yote ile, akachukua HD DVD. Alinunua na sinema zake, akazipanga, akatualika, akawa anasimamisha picha katikati anauliza "mnaona majani? mnaona majani yale?" Tukasema tunaona. Ilikuwa mwishoni mwa 2007. Januari 4, 2008 Warner Bros., watengenezaji wakubwa wa sinema, wakatangaza wanahamia Blu-ray peke yake, na Februari 19 Toshiba wakasema basi, tumeacha. Nilimpigia shemeji simu kumpa pole, nikaikuta imezimwa siku nzima. Na mimi nilikuwa nimekaa kwangu na runinga yangu ya mgongo, nimeshinda vita bila kupiga risasi, kwa sababu moja tu ya kisayansi, sikuwa na hela.

Ila cheka na Blu-ray nao. Wamepigana miaka miwili, wameshinda, wametoka nje wamevaa suti wanasubiri ulimwengu uje kununua, Septemba 15 mwaka huohuo benki kubwa ya Marekani, Lehman Brothers, inafilisika na kila mtu duniani anashika mfuko wake. Hata maduka ya kuuzia yakaanza kuanguka, Circuit City ya Marekani iliomba kinga ya mufilisi Novemba 2008, kufika Machi 2009 milango imefungwa. Ni haohao waliowahi kuleta DIVX mwaka 1998, diski unanunua, unaangalia ndani ya saa 48, ukitaka kurudia unalipa tena, mwaka uliofuata tu wakaiua. Sikuwalilia sana. Lakini jambo lenyewe ni zito, maana picha kali hainunuliki kwa maneno, mtu lazima aione, na alikuwa anaiona kwenye runinga za dukani akizubaa anamsubiri mkewe. Duka likifungwa tamaa nayo inakosa pa kuzaliwa.

Sasa hapa ndio wataalamu wananichanganya, kwa sababu mdororo huohuo unaozuia watu kununua ndio unaowafanya wenye bidhaa washushe bei. Ukiwa na stoo imejaa na wateja wamejificha utafanyaje? Mwisho wa 2008 Marekani tayari kulikuwa na deki za Blu-ray zinauzwa chini ya dola 200, kitu ambacho miaka miwili nyuma kilikuwa dola 1,000. Kwa hiyo sisi tunaosubiri ndio tunaoshusha bei, tunastahili japo kadi ya shukrani. Wale kina shemeji wanaonunua siku ya kwanza ndio wanaoilipia ile mitambo ya kiwandani, halafu sisi wazee wa "nasubiri kidogo" tunakuja kula matunda. Tatizo la kusubiri ni moja, ukisubiri ishuke bei, ikishuka unasema itashuka tena.

Na hapo katikati ya kusubiri ndipo Blu-ray ilipoibiwa bibi harusi. Maana watu wakikosa hela hawaachi kuangalia sinema, tena ndio wanaangalia zaidi, utaenda wapi kama hutoki? Wanaacha tu kuzinunua. Marekani wakajaa kwenye mashine za kukodisha za Redbox, diski dola moja kwa usiku unarudisha kesho, na Netflix waliokuwa wanatuma diski kwa posta wakawa wameshaanza kupitisha sinema kwenye intaneti tangu 2007. Mauzo ya DVD yakashuka na Blu-ray haikupanda vya kutosha kuziba lile pengo. Blockbuster, baba wa kukodisha, akafilisika 2010. Hebu fikiria kama uchumi ungekuwa mzuri miaka ile mitatu minne, pengine kila nyumba ingekuwa na kabati la Blu-ray na ndio tungekuwa tunabishana ya nani imekwaruzika. Wakapoteza muda wa kwanza wakigombana wao kwa wao, na wa pili ukaliwa na uchumi, walipogeuka mteja kashazoea kubonyeza tu.

Walivyo hawakomi, 2010, watu ndio kwanza wanachomoa pua nje ya maji, wakatuletea 3D, picha inakuja kama inakutokea usoni. Na miwani. Kila mtu na miwani yake, ina betri, inachajiwa. Mimi na watoto na mama yao na bibi yao, na mgeni akija? Tunapokezana? "Baba ngoja kwanza tukio hili nilione mimi." Shemeji alinunua, bila shaka alinunua. Kufika 2017 LG na Sony wakaacha kutengeneza runinga za 3D, na ile miwani mpwa wangu anaivaa akicheza udaktari.

Halafu 2016 Ultra HD Blu-ray, mistari imeongezeka tena, siku hizo nikawa hata sijisumbui kupeleka hoja kikaoni. 2019 Samsung wenyewe, walewale wa deki ya kwanza, wakasema hawatoi tena deki mpya Marekani. Yaani kuna fomati imezaliwa, imekua, imeanza kuzeeka, na mimi bado nipo kwenye nasubiri kidogo.

Sasa mtasema si ndio vizuri, ustrimu tu, unalipa kidogokidogo kila mwezi. Haya. Hiyo kidogokidogo nimeitazama vizuri, ni moja ya huku, moja ya kule kwa sababu ile sinema ya watoto imehamia kule, moja ya mpira, na bando juu yake. Kwenye mdororo hii ina raha yake lazima niseme, deki ukishainunua hela imekwenda, hii ukibanwa unaikata palepale, nimeikata mara nyingi mpaka wananitumia ujumbe wa kunibembeleza kama mchumba. Ila ukiikata inaondoka na kila kitu. Umelipa miaka, huna hata kasha tupu la kumwonyesha mtu. Ndio usiku huo unamwona mtu mzima amepiga magoti mbele ya kabati anapuliza vumbi kwenye DVD, na watoto wanauliza, baba hii tangazo lake linarukwaje, nawajibu hairukwi, kaeni mlisome onyo lote mpaka mwisho, na mimi nililisoma.

Tatizo lililonileta hapa ni la wiki hii. Runinga ya mgongo imekufa. Imekufa kweli, fundi ameitazama akavua kofia. Kikao kikapitisha kwa kura zote runinga mpya bapa, ya kawaida tu, na ndio nikaona fomati mpya zinavyoingiaga kwa watu kama sisi, kupitia msiba. Nimeifungua kwenye boksi, nimeizungusha nyuma, nimetafuta zile tundu tatu za njano, nyekundu na nyeupe za kuchomeka deki yangu. Hakuna! Kuna HDMI tupu! Deki nzima, haijafa, ina afya kuliko mimi, na haina pa kuchomeka.

Nikampigia nabii. Akapokea anacheka, akasema shem hilo dogo, kuna kidude cha kubadilisha, upande huu unachomeka zile waya tatu upande ule inatoka HDMI, ila kina chaja yake mwenyewe kwa hiyo utahitaji na ekstensheni, halafu kwa hela hiyohiyo ukiongeza kidogo tu unapata deki ya Blu-ray na inasoma DVD zako zote, shem, zote! Nikamwambia hapo umeongea pointi tupu. Nikampa simu dada yake amweleze yeye.