Hongwe wa baharini anayeuzwa kwenye maji baridi

Ariopsis seemanni ni hongwe wa pwani ya Pasifiki, Amerika ya Kati na ya Kusini. Akiwa na sentimita 7 au 8, mwili wa fedha na mapezi meusi yenye kingo nyeupe, hufanana na papa mdogo, na mara nyingi huuzwa kwa jina hilo akiwa kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Wafugaji hubishana: abaki humo, au atiwe chumvi?

Wanaotaka abaki hawakosi hoja. Wachanga kweli hupatikana mitoni, na maji yakiwa magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha uasidi) juu ya 7.5, hukua vizuri kwa miezi mingi. Tena wanaiogopa chumvi iliyotiwa kwa pupa, na hapo nawaunga mkono: bakteria wa chujio wanaoivunja amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, hudhoofika, amonia hupanda, samaki hufa, lawama ikaiendea chumvi.

Ila mto ni makazi ya utotoni tu. Samaki huyu huteremka baharini kadiri anavyokua, na hufika sentimita 35. Aliyezuiwa kwenye maji baridi hupanda na kushuka kiooni mchana kutwa, hubana mapezi, huacha kula, hufa mapema. Na kwa kuwa si kawaida kuzaliana tangini, pengo lake huzibwa kwa mwingine aliyevuliwa pwani.

Kwa hiyo chumvi, lakini polepole. Tumia chumvi ya bahari ya akwariamu. Ya mezani haina madini yanayoshikilia pH. Iyeyushe kwenye ndoo ya maji ya kubadilishia, ukipandisha gramu 2 kwa lita kila wiki. Pima amonia, ikionekana, usiongeze mpaka iishe. Mdogo anatosheka na gramu 10 kwa lita. Akivuka sentimita 15, endelea kupandisha hadi ukaribie 35, kiwango cha bahari.

Wavu usiutumie kabisa. Mwiba wa mgongoni na miwili ya kifuani ina meno na sumu, na samaki akishtuka huisimamisha ikakaza. Ikinasa kwenye nyuzi, kuinasua ndiko kunakochoma watu. Mwingize kwenye chombo cha plastiki humohumo majini. Aliyechomwa aloweke jeraha kwenye maji ya moto yasiyounguza, kisha aende kwa daktari.

Nafasi je? Huishi kwa kundi, na watatu waliokomaa wasipewe chini ya lita 500. Asiye na tangi hilo, wala mpango wa kulipata, amwache dukani.