Mchungaji kasema ana mashaka, na paa halikuanguka

Jumapili ile baada ya Pasaka niliingia kanisani hapa Leipzig, Ujerumani, nimechelewa, tulikuwa watu kama ishirini hivi na wengi umri wa bibi yangu, mchungaji ni mama wa makamo, akasoma Yohana 20 habari za Tomaso, yule mwanafunzi aliyekataa kusadiki kwamba Yesu kafufuka, halafu akasema bila hata kupunguza sauti kwamba kuna wiki anaomba na anaona kama anaongea na ukuta. Nikageuka kuwaangalia wazee wa kanisa. Hamna kitu. Bibi mmoja akatikisa kichwa kukubali, tukaimba, tukatoka.

Jamani. Hebu mchungaji aseme hivyo usharikani kwetu Machame uone, mnada wa ndizi haujaisha simu ishafika dayosisi.

Najua mtakachosema, "huyu kaenda Ulaya kaanza kujifanya". Sijajifanya. Waliotuletea Ulutheri Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na misheni ya hapahapa Leipzig, kwa hiyo kama ni uzungu tumeuvaa wote, mimi nimefuata risiti tu.

Kilichonishika koo siku ile ni mama. Alipougua kila aliyeingia chumbani alikuwa anamwambia usikiri ugonjwa, kiri uponyaji, sema amen, na yeye anasema amen kwa sauti ya kuishia. Usiku mmoja tukiwa wawili akaniuliza, "Hivi kweli ananisikia?" Nikamjibu haraka haraka, mama usiseme hivyo. Basi hakusema tena, si kwangu wala kwa mtu mwingine ninayemjua. Miaka sita sasa na hilo jibu langu bado linaniuma kuliko hata msiba wenyewe.

Na msiniambie mashaka ni pepo. Marko 9:24 yule baba mwenye mtoto mgonjwa anasema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", anamwambia Yesu mwenyewe usoni, na mtoto akapona. Angekuwa kwetu angewekewa mikono yeye kwanza, mtoto asubiri foleni.

"Lakini makanisa ya huko si matupu?" Matupu, ndiyo, nani kabisha? Kodi ya kanisa hapa ni asilimia 9 ya ile kodi yako ya mapato, inakatwa juu kwa juu kabla hujauona mshahara (ninyi mnaolalamikia bahasha za ahadi, poleni), watu wanaona heri waende ofisini kusaini kujitoa, yaishe. Na hapa ndo wananichosha, maana yule mchungaji aliyenitoa machozi alinishika mkono mlangoni akanitakia Jumapili njema, basi. Jina langu hajaniuliza mpaka leo. Mwezi wa pili nililala kitandani wiki mbili, hata wa kunigongea mlango hakuna. Wakati mama alipofariki jumuiya nzima ilihamia kwetu, wamama wamechota maji, wamepika, wamelala chini sebuleni hata baada ya kuzika, na ni walewale wa sema amen. Kwa hiyo msinisukumie kwamba nawadharau, nawalilia.

Narudi kwa Tomaso maana kuna kitu sikuwahi kukiona. Alishasema wazi hasadiki, lakini baada ya siku nane bado yuko chumba kilekile na wenzake. Hawakumtoa, na yeye hakujitoa. Siku nane wanakula na mtu anayewaambia mnachosema siamini! Hapa Leipzig angesema atakavyo halafu arudi kwake kimya. Kwetu angebaki na wenzake, ila asubuhi yake angekuwa ameshafungiwa maombi ya kufunga.

Jana mama mdogo kanipigia, swali la kwanza kama kawaida, kanisani ulienda? Nikamwambia siku hizi naenda. Walihubiri nini? Tomaso. Nikamweleza na yale ya mchungaji, yote, nikasubiri kemeo.

Akanyamaza kidogo. "Mh," akasema. "Mama yako angempenda huyo." Halafu akaniuliza kama nimekula.