Mheshimiwa Ameokoka, Viti Kumi na Vitatu Havionekani

Ibada ya saa tatu imetoka saa tisa kasorobo. Saa tisa kasorobo, jamani, na maharagwe yako nyumbani juu ya makaa! Msiniulize mahubiri yalihusu nini. Mchungaji alikuwa amefika pale Sauli anapoanguka kwenye njia ya Dameski, na Sauli yuko chini mpaka sasa, maana ndipo magari matano yalipoingia uani na kuegeshwa chini ya mwembe, kivuli cha watoto wa shule ya Jumapili.

Uchaguzi wetu hapa Kenya ni Agosti 2027. Msimu wa wokovu umefunguliwa.

Mimi ni mtu wa heshima zangu, sina ugomvi na dini ya mtu. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 8, ilimaliza neno hili kwa mstari mmoja: hakuna dini ya taifa. Anayetaka urais, Ibara ya 137 inamtaka awe raia wa kuzaliwa, ateuliwe na chama au asimame peke yake, na apendekezwe na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ni 47, kwa hiyo anahitaji 24, yaani saini 48,000. Cheti cha ubatizo hakimo. Hata kwenye kiapo, anayetaka humalizia kwa kumwomba Mungu amsaidie, asiyetaka huthibitisha tu, na mshahara ni ule ule. Kituoni mnapewa karatasi sita za kura. Sanduku la "ameokoka" halipo hata kwenye moja. Tumelichora sisi wenyewe kichwani, na wao wameliona.

Ziara ya mheshimiwa kanisani ina taratibu zake, haiendi ovyo. Alhamisi msaidizi wake anampigia simu katibu wa kanisa: mbunge ameguswa, anataka kuja kuabudu nanyi. Ameguswa! Miaka minne hakuna aliyemgusa. Ijumaa zinafika hema mbili na viti 200 vya plastiki vya kukodi (hivyo viti nitavirudia). Jumamosi linatundikwa bango lenye sura ya mheshimiwa, upana wa mlango, na jina la Yesu limebanwa pembeni chini, jirani na nambari ya simu ya mchapaji. Mabenchi matatu ya mbele yanatolewa, vinaingia viti vya sofa kutoka sebuleni kwa mchungaji, na vitambaa vyake vya kufuma. Wajane waliokalia mabenchi hayo tangu kanisa likiwa la udongo wanaelekezwa hemani.

Jumapili, kwaya inaambiwa ishikilie. Wimbo mmoja, mara saba. Ilipofika mara ya tano sauti ya kwanza ilikuwa imekauka, na besi mmoja alikuwa ameketi chini akiimbia kutoka huko huko.

Akaingia. Biblia yake imebebwa na mlinzi: nyeusi, ya zipu, kingo za dhahabu. Sasa Biblia ya kingo za dhahabu ikiwa mpya, kurasa zake huwa zimegandana. Ukiifungua mara ya kwanza hulia kama bahasha inayochanwa, na hauna njia ila kubandua ukurasa mmoja mmoja kwa ukucha. Mheshimiwa akatangaza Zaburi ya 23. Akabandua. Akatokea Mambo ya Walawi. Akabandua tena. Utepe wa kuwekea alama ulikuwa umekunjwa vile vile ulivyotoka kiwandani. Kimya. Mjane mmoja kule hemani akaona aibu kwa niaba ya taifa, akaanza kuisema kwa kichwa, Bwana ndiye mchungaji wangu, hema likadakia, kanisa likapokea, tukafika nyumbani mwa Bwana milele, naye bado yuko Walawi, mlinzi akimsaidia kubandua kwa kadi yake ya kazi. Tulipomaliza akafunga zipu akasema, "Amina. Hilo ndilo neno nililotaka."

Kisha salamu. Za kisiasa hupanda kama ngazi: kwanza mwakilishi wa wadi, kisha mjumbe wa mwakilishi wa kike, kisha anayetaka kuwa mwakilishi wa wadi, ambaye hakuitwa. Kila mmoja "dakika mbili tu", kila mmoja "Bwana asifiwe" mara tatu, maana ya kwanza daima haijaitikiwa vizuri. Mheshimiwa mwenyewe akasema yeye si mtu wa maneno mengi. Dakika arobaini.

Halafu pesa, na hapa ndipo mnapohitaji macho. "Mimi na marafiki zangu tumekuja na nusu milioni." Vigelegele. Mabunda kumi yakapangwa mezani. Bunda ni noti 100. Likiwa la noti za elfu ni shilingi 100,000. Likiwa la noti za mia ni 10,000. Ukiwa hemani bunda ni bunda, ila anayejua huangalia rangi: ya elfu ni kahawia, ya mia ni zambarau. Meza yote ilikuwa zambarau kama Kwaresima. Hiyo ni 100,000. Ikafuata hundi ya 150,000, iliyoandikwa kwa jina la kanisa kama lilivyo kwenye bango, ilhali akaunti iko kwa jina la wadhamini waliosajiliwa. Ikipelekwa benki itarudishwa, na wa kuiandika upya atakuwa safarini. Iliyobaki, 250,000, ni ahadi. Ahadi huandikwa daftarini: jina, kiasi, tarehe, nambari ya simu. Nambari ni ya msaidizi. Kuanzia Jumatatu, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Na wazee wetu, kwa imani, wameshaagiza mabati ya geji 30 kwa mkopo, ya nusu milioni kamili!

Akaondoka kabla ya baraka, nusu ya kanisa ikamfuata barabarani. Vijana wakaachiwa 5,000 wagawane. Walikuwa kama 200. Shilingi ishirini na tano kila mmoja, ndiyo maana kuna mmoja amepasuka mdomo.

Maaskofu wengine walishachoka. Kanisa la Anglikana lilipiga marufuku siasa mimbarini mwaka 2021. Novemba 2024 Rais Ruto alitoa milioni 2 za nyumba ya mapadri na 600,000 za kwaya na watoto wa kanisa kwenye kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zirudishwe. Na ni rais huyo huyo aliyekuwa ametangaza Julai ya mwaka huo kwamba watumishi wa umma wakome kushiriki harambee. Kwetu habari ya kurudisha pesa ilisomwa kwenye matangazo haraka haraka, kama tangazo la mbwa aliyepotea.

Msidhani msikitini wamesalimika. Kule anakuja Ijumaa na kanzu ambayo mikunjo ya dukani bado inasimama kama reli, Ramadhani analeta tende na sukari, na picha kumi na mbili za kila kilo ya tende.

Majirani zetu Tanzania hawajaandika popote kwamba wapokezane, katiba yao inasema nchi haina dini, lakini hesabu wenyewe: Nyerere, Mwinyi, Mkapa, Kikwete, Magufuli, Samia. Mkristo, Mwislamu, Mkristo, Mwislamu, mpaka mwisho. Sisi hatuna hata hiyo zamu. Sisi tunauliza tu, "Ameokoka?" halafu hata jibu hatulitumii! Mwaka 2022 mchungaji halisi, David Mwaure Waihiga, aligombea urais. Alipata kura 31,987. George Wajackoyah, aliyeahidi kuhalalisha bangi, alipata 61,969. Karibu maradufu! Nchi ya makanisa kila kona! Basi tunauliza dini ya nini? Tunauliza ili iweje?

Maana tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, na 106 wakaukataa, na hiyo ilikuwa Jumanne. Mimi imani ya Jumanne ndiyo ningeitaka. Basari je? Ukitaka kujua pesa za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa jimbo la mbunge, zilisomesha watoto wa nani, andika barua kuomba orodha, taja Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, weka tarehe, na nakala yako igongwe muhuri papo hapo, la sivyo watasema haikufika. Wana siku 21. Tuko waumini mia nne, tunaijua Zaburi ya 23 kwa kichwa, na sijasikia hata mmoja aliyeandika hiyo barua. Mimi pia sijaandika, nisijifanye. Kalamu ninayo.

Haya, viti. Vilikuja 200, vimehesabiwa jioni ni 187. Mwenye viti anasema kila kimoja ni 800, na aliyetia saini ya kuvipokea ni katibu wa kanisa. Vitano, wanasema, vilipakiwa kwenye pikapu ya walinzi kwa bahati mbaya. Kimoja kimeonekana kwa fundi viatu, naye ameapa ni chake tangu zamani, ilhali jina la mwenye viti limeandikwa nyuma kwa rangi nyekundu. Vingine, jaza wewe. Bango lenyewe limeshachukuliwa na mama mchungaji, amelifunika banda la kuku. Ni turubai nzuri, zito, ila amelitandika sura ikiangalia ndani, na tangu jioni kuku wamekataa kuingia.