Nuru Niliyoiona Kisimani

Niliombwa nifundishe kabla ya ubatizo, dakika kumi tu. Nikachagua Mathayo 6:19, ule mstari wa "msijiwekee hazina duniani, nondo na kutu viharibupo". Nalipenda sana somo hilo kwa sababu linamgusa kila mtu ukumbini isipokuwa mimi.

Nikaanza na yule tajiri wa Luka 12 aliyepanga kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, na usiku uleule roho yake ikatakiwa. Watu wakaitikia amina. Zile amina zikanipanda kichwani. Nikachomoa simu mfukoni, mpya, hata ile nailoni yake ya dukani nilikuwa sijaibandua, nikainyanyua juu.

"Wapendwa, hii ni nini? Vumbi! Ikipotea leo, sigeuki nyuma kama mke wa Lutu!"

Amina ya safari hii ilitikisa viti.

Tukasogea kwenye kisima cha ubatizo. Mchungaji alishaingia, maji yanamfika kiunoni. Mimi nilikuwa nimejitolea kumrekodi binamu yangu akibatizwa, na kwa kuwa kona ile ina giza, nikawasha tochi ya simu. Nikainama ukingoni nimpate uso vizuri. Sasa ile nailoni niliyoiacha ili simu isichakae ndiyo iliyonisaliti. Viganja vilikuwa na jasho, simu ikateleza, ikagonga ukingo mara moja, kisha chubwi!

Mathayo anataja nondo, kutu na wevi. Maji hakuyataja.

Petro alipoambiwa kwamba aliye ufukweni ni Bwana, alijitupa baharini. Iko Yohana 21. Mimi nami nilijitupa, na suti, viatu, saa na tai.

Ukumbi ukawa kimya. Halafu mtu akapaza sauti, "Roho amemshukia!" Kwaya haikusubiri kuulizwa. Nilikuwa napapasa sakafu kwa ncha ya kiatu, Mchungaji akanishika bega, machozi yanamlengalenga.

"Ndugu, umeamua kuanza upya na Bwana?"

Ningesema nini? Waefeso 4:5 inasema ubatizo mmoja, na wangu ulishafanyika zamani, kisima hikihiki. Hilo nalijua, naye analijua, lakini mtu aliyejirusha na suti huwezi kumwambia apande ngazi arudi kwenye kiti chake. Isitoshe, nilikuwa nimeshapiga hesabu: akinizamisha, nitafika chini bila mtu kunishuku. Nikatikisa kichwa kukubali.

Akanizamisha. Wenzangu huzama wamefumba macho, mimi niliyakodoa. Nikaiona, imelala pembeni ya mguu wa Mchungaji, tochi inawaka vilevile. Nikanyoosha mkono, vidole vikaigusa, akaniinua.

"Mchungaji," nikasema huku nahema, "nizamishe tena."

Kanisa zima likaangua kilio.

Mara ya pili niliipata. Warumi 6 inasema katika ubatizo tunazikwa, na utu wa kale husulubiwa. Wangu uliibuka na simu kwenye mfuko wa shati.

Nikaletewa kipaza sauti, bado natiririka maji. "Ndugu, hebu tushuhudie. Umeona nini kule chini?"

"Nimeona nuru," nikajibu, na Mungu ni shahidi, sikudanganya.

Vifijo vikalipuka. Nilipotazama chini nikaelewa kwa nini waliokaa safu ya mbele walikuwa wameanza kupiga magoti: shati lilikuwa limelowa likanigandia mwilini, na kifua changu upande wa kushoto kilikuwa kinang'aa kweupe.

Nikafumbata mikono kifuani kama mtu aliyezidiwa na neema, nikaanza kupanda ngazi. Aliyefuata kubatizwa ni bibi mmoja mzee, aliyekuwa amesimama ukingoni tangu mwanzo, taulo begani. Akanipisha, akanishika mkono kama anayenipongeza, akanisogelea sikioni.

"Mjukuu wangu," akanong'ona, "zima hiyo tochi. Chaji itaisha."