Saa 24 za mama wa Bukwo

Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 dhidi ya ukeketaji haimtazami ngariba peke yake. Kifungu cha 16 kinamtaka kila anayejua kwamba binti amekeketwa, au kwamba mpango huo upo, atoe taarifa polisi au kwa mamlaka nyingine ndani ya saa 24. Akinyamaza, anaweza kutozwa faini hadi shilingi 240,000, kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili.

Nakubaliana na nusu ya kifungu hiki. Kule Kapchorwa, Kween na Bukwo, wilaya za mashariki mwa Uganda karibu na mpaka wa Kenya, na kwa Wapokot wa wilaya ya Amudat, ukeketaji ni jambo la ukoo. Anayekwenda polisi huulizwa: nani kakutuma utuaibishe? Adhabu inampa jibu: "Ningenyamaza, ningefungwa mimi." Kijijini jibu hilo ni ngao. Bila hilo, kila mtu atasema mtoto si wake, na mambo yatazungumzwa nyumbani. Mazungumzo hayo tunayajua, hata kwenye kesi za kunajisi watoto: wazee wanaketi, ng'ombe anatolewa, mtoto hatajwi.

Kinachoniumiza ni hizo saa 24. Binti amevushwa mpaka, kakeketwa upande wa Kenya, karudishwa usiku. Siku ya tatu damu bado inatoka. Mama amejua tangu juzi. Akimbeba hadi kituo cha afya, muuguzi atauliza lini, na jibu lake ndilo shtaka lake. Basi anafunga mlango, anachemsha maji, anatia chumvi, anamkanda mwanawe akiomba damu ikatike. Jirani anayesikia kilio naye amekwama vivyo hivyo: akishapitisha siku ya kwanza, sheria haimpi sababu yoyote ya kusema siku ya pili.

Wengine hujibu kwamba akina mama wengi ndio wanaowapeleka mabinti. Wapo, na washtakiwe kwa kushiriki, maana hilo nalo ni kosa katika sheria hiyohiyo. Kushiriki na kuogopa si kitu kimoja.

Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yalielekea pazuri zaidi, kwa kuwataja wenye wajibu wa kuripoti ukatili dhidi ya watoto: mhudumu wa tiba, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, mwalimu na diwani. Hawa wana mafunzo na mshahara au cheo. Mwalimu anaona kwenye daftari la mahudhurio kwamba binti hajafika wiki tatu, na anajua huu ni msimu gani. Akinyamaza, aadhibiwe. Lakini mwalimu huyo huenda amepanga chumba kwa mjomba wa binti. Serikali inayomlazimisha aseme imhamishe upesi akitishiwa. Namba 116 ya Sauti, simu ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto, ni ya bure, na hilo ni jema, maana taarifa ikianzia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aliye shemeji ya baba, itafika nyumbani kabla ya askari.

Kwa mzazi na jirani ambao hawakushiriki, ningeongeza mstari mmoja kwenye kifungu cha 16: anayesema, hata akiwa amechelewa wiki nzima, asishtakiwe kwa kuchelewa. Mama wa Bukwo afungue mlango, ambebe binti mgongoni, na muuguzi akimuuliza lini, ataje siku yenyewe.